Usimwambie mteja "hapa hakuna kitu"

Wajasiriamali wenzangu, somo hili limenigharimu oda ya mikeka sita, ndo maana nawapa bure.

Mie nipo Chumbi, Rufiji, barabara ya Kibiti kwenda Lindi. Nauza mikeka ya ukindu na korosho kwa WhatsApp. Siku moja waendesha baiskeli wawili, safari yao Kilwa, walisimama kunywa soda. Mmoja akauliza, "Kaka, huku kuna nini cha kuona?" Nikajibu, "Huku? Hakuna kitu." Wakalipa soda zao, wakaondoka. Na mikeka imetundikwa nyuma yangu!

Roho iliniuma. Kesho yake nikaazima baiskeli, nikarudi nyuma hadi Daraja la Mkapa. Lina karibu mita 970, lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo ilikuwa kivuko pale Ndundu, na wazee wanaokumbuka foleni zake wapo, waulize. Picha piga asubuhi, mto una rangi ya chai ya maziwa. Usishuke kunawa lakini, mamba na viboko wamo.

Picha zikapendwa, kichwa kikavimba. Muhoro nikaona mbali, sikwenda. Nikapiga mkeka chini ya mwembe wa nyumbani, nikaposti: "Kinjikitile alinyongwa hapa hapa Chumbi."

Mteja wangu mmoja, mwalimu, alikuwa ameshaagiza mikeka sita. Akaniandikia: "Mdogo wangu, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, tarehe 4 Agosti 1905, Maji Maji ikiwa ndo imeanza. Kama hili umetunga, huo ukindu nao je?" Oda ikafa hapo hapo.

Nilifuta, nikaomba radhi kwenye stetasi ile ile, sio inboksi. Halafu nikaendesha mpaka Muhoro kwa miguu yangu. Siku hizi kila picha naandika imepigwa wapi. Mtu akiulizia mikoko namwambia wazi: delta ipo mashariki, inataka boti, sio baiskeli. Masika maji yakipanda nawaambia wasije kabisa, hata kama siku hiyo sijauza kitu. Mafuriko ya 2024 tumeyaona wenyewe.

Waendesha baiskeli sasa wananitumia meseji kabla hawajavuka daraja. Mkeka ukikunjwa vizuri unafungwa nyuma ya kiti, korosho zinaingia mfukoni.

Mwalimu bado hajaagiza. Ila stetasi anazitazama kila siku, na juzi kauliza bei ya mkeka mmoja.