Machungwa na Ndimu Zinaoza Mbio Kwa Keja? Watu wa Kericho na Bomet, Hivi Ndio Utaziweka Zikae

Unajua ile uchungu ya kufungua neti ya machungwa uliyonunua Jumamosi, halafu Jumatano unakuta moja limevaa unga wa kijani na lingine limelainika kama ugali wa jana. Ukiguza, kidole kinaingia. Na ulikuwa umeyawekea watoto ya shule.

Hebu tupige hesabu. Tuseme umetoa rwabe na ukapewa machungwa 20. Hapo kila moja ni ashu. Matano yakioza, yale 15 yaliyobaki yamekugharimu zaidi ya shilingi 13 kila moja. Kama wewe ni mathe wa kibanda pale Litein ama Silibwet na unauza kwa faida ndogo, hayo matano ndiyo yalikuwa faida yako yote. Kwa mtu anayechuma majani na kulipwa kwa kilo, hizo ni kilo za chai umeenda kutupa kwa shimo la takataka.

Habari njema ni kwamba hauhitaji friji ya maana kuokoa hii doh. Kericho na Bomet zina baridi ya bure. Noma ni moja tu: hiyo baridi inakuja na maji.

Kwanza, jua yanatoka wapi

Machungwa mengi unayoona sokoni Kericho hayakulimwa hapo. Mengi yanatoka Makueni, mengine Pwani, na mengine yanavuka mpaka kutoka Tanzania, hasa upande wa Tanga kule Muheza. Hiyo ni safari ndefu kwa lori. Yanabanwa, yanarushwa, yanapakuliwa, yanapakiwa tena. Yakifika kwako tayari yako na makovu.

Na usikatae chungwa juu ya rangi. Chungwa la sehemu za joto linaweza kuwa tamu kabisa na ganda bado ni kijani. Ile rangi ya manjano inaletwa zaidi na usiku wa baridi, hailetwi na utamu. Kwa hivyo kijani ya ganda si shida. Shida ni kijani ya unga.

Kitu ingine ya kujua: chungwa haliivi zaidi likishachumwa. Si kama ndizi ama avokado. Ukinunua likiwa chachu, hata ulifungie kabatini mwezi mzima litabaki chachu, halafu litaoza likiwa hivyo hivyo chachu. Chagua zuri hapo hapo sokoni. Liinue kwa mkono: zito kuliko unavyotarajia ndilo lina maji. Likague liwe gumu kiasi, halina tundu, halina sehemu inayobonyea. Angalia pia kikonyo. Kama bado kipo, hilo ni fiti. Likiwa limeng'olewa na kuacha kidonda, hapo ndipo shida huanzia.

Ule unga wa kijani ni nini?

Ni ukungu, na wanasayansi wanauita Penicillium digitatum. Uko na ndugu yake wa rangi ya bluu, Penicillium italicum. Mbegu zake ni vumbi nyepesi sana, ziko sokoni, ziko kwa gunia, ziko kwa ile baskiti yako. Lakini ukungu huu ni mwoga. Ganda zima likiwa kavu, hauingii kirahisi. Unangoja mkwaruzo, kucha, ama kidonda cha kikonyo. Ukipata hapo na unyevu kidogo, unaanza kazi: kwanza sehemu laini kama imelowa, halafu nyeupe, halafu kijani katikati.

Likifika hapo kwa kijani, kila ukiliguza unarusha vumbi kwa mengine. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa machungwa hiyo si methali tu, ni maelezo kamili.

Kericho yako na baridi, lakini pia yako na maji

Kericho mjini iko juu, takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na inapata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Ndiyo maana chai inapenda huko. Chungwa nalo linapenda ile baridi, lakini halipendi kulowa. Mabati yakitoa jasho usiku na matone yaangukie baskiti, ama ukinunua machungwa kwenye mvua ya saa tisa na uyaweke hivyo hivyo kwa mfuko uliofungwa, umeupikia ukungu chakula na kuutandikia kitanda.

Sasa fanya hivi:

1. Yachambue siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Gawa mafungu matatu. Mazima na magumu ni ya kuweka. Yaliyobonyea lakini hayana ukungu ni ya kula leo ama kukamua. Yenye ukungu yatoke nje polepole, usiyanuse, na usijaribu kukata kipande kibaya ule kingine. Tunda laini kama hilo, ukungu huwa umeingia ndani kuliko unavyoona. Tupa shimoni mbali na jikoni, halafu osha mikono na ile baskiti.

2. Usioshe kabla ya kuweka. Najua yana vumbi, lakini maji yanabaki pale kwa kikonyo. Yapanguse na kitambaa kikavu tu. Kuosha ni wakati wa kula. Na hapo osha kweli, hata kama unamenya, juu kisu kinaingiza uchafu wa ganda ndani. Yale yanayong'aa ya supamaketi mara nyingi yamepakwa nta na dawa ya kuzuia ukungu, kwa hivyo ukitaka kutia ganda kwa chai, yasugue vizuri kwanza.

3. Yape hewa. Neti, baskiti ya kusuka, ama kreti ni sawa. Panga safu moja, mbili mwisho. Ukirundika kama viazi, ya chini yanapondeka. Trei ya mayai inashika ndimu na machenza vizuri sana, kila moja kwa kiti chake. Kama ni mengi, funga kila moja na kipande cha gazeti kavu. Moja likioza, gazeti linazuia lisiguze jirani. Gazeti likilowa, badilisha.

4. Chagua kona. Unataka mahali pa giza kiasi, pakavu, pa baridi, na pasipoguza sakafu. Kwa zile nyumba za kampuni za chumba kimoja, chini ya kitanda juu ya ubao ama kreti ni poa, mradi sakafu haitoi maji. Juu ya kabati karibu na mabati si poa, juu mchana kuna joto na usiku kuna matone.

5. Hama jikoni. Hii wengi hawajui. Ndizi zinazoiva, avokado na maembe hutoa gesi inayoitwa ethilini, ambayo huharakisha matunda kuzeeka. Moshi wa kuni nao uko na hiyo gesi, ndiyo maana kuna watu huivisha ndizi kwa moshi. Sasa ukiweka machungwa kando ya jiko, na juu yake mkungu wa ndizi, unayazeesha kwa njia mbili na joto juu.

6. Kagua kila siku mbili. Dakika moja tu. Yageuze, toa mgonjwa mapema, kula ya zamani kabla ya mapya.

Ukifuata hivyo, kwa baridi ya huku, machungwa mazuri yanakaa wiki moja hadi mbili bila friji.

Kama uko na friji

Weka ile droo ya chini ya mboga. Machungwa yanaweza kufika wiki tatu ama nne. Ndimu nazo hukauka kwa friji hadi ganda liwe gumu kama mpira wa zamani, kwa hivyo zitie kwa mkebe wenye kifuniko, zikiwa kavu kabisa. Zitakaa kama mwezi. Ukitaka maji mengi, itoe ipate joto kidogo, iviringishe mezani ukikandamiza na kiganja, ndio ukate.

Nusu ya ndimu iliyobaki? Ilaze uso chini kwa kisahani ama uifunike, utumie ndani ya siku tatu hivi. Juisi iliyokamuliwa haina subira, inywe ndani ya siku mbili. Na usiiache ilale kwa sufuria ya alumini, asidi inakula chuma na ladha inaharibika. Tumia glasi ama plastiki.

Kama una freeza, mimina juisi ya ndimu kwa trei ya barafu. Ikiganda, hamisha vipande kwa mkebe. Kila ukitaka dawa ya homa, tangawizi, asali na kipande kimoja cha ndimu, umemaliza. Vinakaa miezi mitatu bila stres.

Kama una mti wa ndimu nyumbani

Wewe una stoo bora kuliko sisi wote: mti wenyewe. Ndimu iliyokomaa inaweza kubaki mtini kwa wiki nyingi bila kuharibika. Chuma unayohitaji tu. Lakini usichume asubuhi na umande, wala mvua ikitoka tu kuisha. Ganda likiwa limejaa maji linachubuka kirahisi, mafuta yake yanamwagika na kuacha madoa yanayooza. Ngoja jua lipige, likauke. Kata na makasi uache kikonyo kidogo. Kutikisa mti hadi zianguke ni kuzipa vidonda vyote kwa mkupuo.

Zikizidi kabisa, iga watu wa Pwani. Kata ndimu safi vipande vinne, zijaze chumvi nyingi kwa chupa kavu ya glasi, zibonyeze hadi maji yake yenyewe yazifunike. Baada ya wiki chache zinalainika na zinakaa miezi. Ongeza pilipili ukipenda, na hapo ushakaribia achari.

Na kwa chai je?

Uko nchi ya majani chai, lazima tufike hapa. Ukikamulia strungi ndimu, ile rangi nyeusi inapauka mara moja. Hakuna kilichoharibika, ni asidi imebadilisha rangi ya majani. Chai ya maziwa usijaribu, yatakatika.

Kuna jambo la maana zaidi. Chai ikinywewa pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kutoka kwa mboga kama sagaa na managu. Vitamini C ya chungwa inafanya kinyume, inasaidia mwili kuyachukua. Kwa hivyo kwa mama mjamzito na watoto wadogo hapo nyumbani, mpango ni huu: chungwa pamoja na chakula, chai ingoje kama saa moja hivi. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutoacha yale matano yaoze. Si rwabe peke yake, ni damu ya mtu.

Leo jioni, kabla ulale, mwaga ile baskiti mezani na uanze na namba moja.