Jazi Isiyokimbizwa na Saa

Usiku wa tarehe 2 Januari 2023, mpiga gitaa Jeff Parker na wenzake watatu walipiga kama kawaida yao katika baa ya ETA, eneo la Highland Park, Los Angeles. Parker alikuwa na Jumatatu zake pale tangu 2016. Fundi wa sauti Bryce Gonzales alirekodi, na usiku huo mmoja ukazaa The Way Out of Easy, albamu iliyotoka mwishoni mwa 2024 kupitia International Anthem, lebo huru ya Chicago. Ina vipande vinne tu. Cha kwanza, "Freakadelic", kinapita dakika 20.

Urefu huo huwakimbiza wasikilizaji wengi kabla hawajaanza. Ushauri wangu ni huu: dakika za mwanzo mfuate Anna Butterss kwenye besi, mwache mwingine yeyote. Anashika noti chache za besi na kuzirudia, kisha anahamisha noti moja, na kwa noti hiyo chumba kizima kinageuka. Jay Bellerose kwenye dramu hamfuati papo hapo. Anamwacha atangulie kidogo, ndipo anajibu. Josh Johnson anaipitisha saksafoni yake kwenye vifaa vya kielektroniki, hata kuna mahali unadhani kinanda kimeingia. Na Parker, mwenye jina kwenye jalada, mara nyingi ndiye anayepiga kidogo kuliko wote. Hakuna anayeshindania nafasi. Ukisikiliza namna hii, dakika 20 zinakuwa chache.

Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi ana faida hapa. Anajua bendi yenye ukumbi wake na siku yake inakuwaje. Bendi ya Mlimani Park ilichukua hata jina la baa iliyokuwa nyumbani kwake. Anajua pia kwamba wimbo ukishaingia kwenye sebene hauna haja ya kwenda popote haraka, na kwamba utamu uko katika mabadiliko madogo ambayo mgeni hayasikii. Sikio hilohilo linafaa kwa Parker.

Tunapozungumzia wanamuziki huru, mazungumzo huishia kwenye fedha: nani anamiliki rekodi, nani analipwa. Ni jambo la haki. Mtandao wa Bandcamp, ambako wengi wa wasanii hawa huuza kazi zao, hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, na sehemu kubwa ya kinachobaki humfikia msanii au lebo yake. Lakini mimi nasikia uhuru wao zaidi katika muda. Albamu nyingi kubwa za jazi za miaka ya 1950 na 1960 zilirekodiwa kwa siku moja au mbili, zikatoka nzuri ajabu, kwa sababu wapigaji walikuwa wakikutana klabuni usiku baada ya usiku. Mazoezi yalikwisha kulipwa na klabu. Studio ilivuna tu. Siku hizi kazi za namna hiyo ni chache mno, na bendi iliyokusanywa kwa ajili ya studio peke yake husikika: kila mtu hodari, hakuna anayemjua mwenzake. Lebo bora za leo zimerudi baani, zikapeleka vinasa sauti kulekule.

Mfano uliofungua njia ni In the Moment ya Makaya McCraven, ya 2015. McCraven ni mpiga dramu wa Chicago. Kwa mwaka mzima alipiga katika baa ya The Bedford, iliyokuwa zamani benki, akiwa na wapigaji waliobadilika-badilika, Parker mmojawapo, bila nyimbo zilizoandikwa. Maonyesho 28 yalitoa karibu saa 48 za muziki. Akazipeleka nyumbani na kuzifanyia kazi kama mtayarishaji wa hip-hop: anatafuta mahali ambapo tarumbeta na besi zilikubaliana kwa bahati, anakata, anarudia, anaongeza tabaka juu yake. Sekunde chache za bahati zinageuka kuwa utunzi. Mwisho wa kazi vilibaki vipande 19. Ustadi wake ni kwamba makovu ya kisu hayakufichwa, na bado ngoma inatembea kama haijawahi kuguswa.

Albamu yake ya 2022, In These Times, aliisuka kwa zaidi ya miaka 7, ikiwa na kinubi na ala nyingine za nyuzi, na lebo kubwa zaidi zilishiriki kuitoa. Ni nzuri, tena nzuri sana. Hata hivyo narudi kwenye In the Moment, kwa sababu pale nasikia watu ambao hawajui dakika inayofuata italeta nini.

Mpiga klarineti Angel Bat Dawid alikwenda upande mwingine kabisa. The Oracle ya 2019 aliirekodi kwa simu yake ya mkononi, akipiga klarineti, kinanda na vyombo vingine mwenyewe na kuimba sauti juu ya sauti. Mtu mwingine pekee ni Asher Gamedze, mpiga dramu wa Afrika Kusini, katika kipande walichokirekodi Cape Town. Dawid anaimba pia shairi la Margaret Burroughs, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa jumba la makumbusho la DuSable la Chicago, linalohusu nini cha kuwaambia watoto weusi. Sauti zinagongana, hewa ya chumba inavuma, na mahali pengine tabaka zimerundikana hadi maneno yanapotea. Kasoro hiyo naiona, ila fundi wa studio angeiondoa pamoja na ukaribu wake, na ukaribu ndio albamu yenyewe.

Nimalizie na mpiga tarumbeta jaimie branch, aliyeandika jina lake kwa herufi ndogo. Albamu yake ya mwisho aliirekodi Omaha, Nebraska, mwaka 2022. Akafariki Agosti mwaka huohuo akiwa na miaka 39, na familia na wenzake wakaimalizia, ikatoka 2023. Tarumbeta yake ni kali, haibembelezi, na anapopaza sauti yake mwenyewe anafanya hivyo kama mtu aliye barabarani katika maandamano. Chad Taylor anapiga dramu na pia mbira, ndugu wa ilimba ya Wagogo. Yeye na mpiga besi Jason Ajemian walikuwa naye tangu albamu ya kwanza ya 2017, na miaka hiyo ndiyo inayomwezesha branch kukatisha wimbo katikati, akageuza mwendo, na bendi nzima ikawa imeshafika.