Dubai hakuna makanga wa kubembeleza

Kijana wa Nairobi hukua akijua kwamba nauli ni mazungumzo. Mvua ikinyesha inapanda, usiku ukiingia inashuka, na ukiwa na hamsini tu wakati gari linadai themanini, unamvuta makanga pembeni: "Buda, nibebe na hiyo." Mara nyingi utabebwa, hata kama ni kwa kusimama. Sasa mchukue kijana huyo umshushe Dubai, ambako Wakenya wengi huenda kulinda majumba, kuuza madukani na kuhudumu hotelini.

Treni za Metro zilianza kubeba abiria Septemba 2009 na hazina dereva. Hakuna wa kupungia mkono akusubiri. Unagusisha kadi ya Nol kwenye geti, na salio lisipotosha geti halifunguki. Ni mashine, haijui kwamba mshahara wako unaingia kesho.

Nauli yenyewe imepangwa kwa maeneo, au zoni. Ukisafiri ndani ya zoni moja ni dirhamu 3, zoni mbili zinazopakana ni 5, na zaidi ya hapo ni 7.50. Dirhamu moja ni kama shilingi 35, kwa hivyo mwanzoni utaona ni kitu kidogo. Piga hesabu basi. Tuseme unalipwa dirhamu 1,500 kwa mwezi na unaishi mbali na kazi. Kwenda na kurudi ni 15 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 390, robo nzima ya mshahara! Ipo tiketi ya siku 30 ya zoni zote kwa dirhamu 350, lakini hiyo unailipa yote kwa mpigo, na mtu aliyetoka kutuma pesa nyumbani hana 350 mkononi. Analipa kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi amelipa zaidi kuliko mwenye nazo.

Ndiyo maana ukiletewa mkataba na ajenti, kabla hujauliza mshahara ni ngapi, uliza usafiri ni wa nani. Kampuni nyingi zina mabasi ya kuwabeba wafanyakazi kutoka makazini mwao. Kama yako haina, basi huo mshahara unaoonyeshwa kwenye karatasi si mshahara wako.

Wengine hukimbilia Sharjah, mji jirani, kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu. Metro haifiki huko. Utapanda basi, na foleni ya asubuhi kati ya miji hiyo miwili itakufanya uikumbuke Thika Road kwa upendo.

Halafu kuna faini. Kula, kunywa au kutafuna chingamu ndani ya treni ni dirhamu 100. Behewa moja ni la wanawake na watoto, na mpaka wake ni mstari wa waridi sakafuni. Mwanamume akikutwa upande ule ni 100 nyingine, hata kama alikuwa anakimbilia mlango uliokuwa karibu. Kuvuka barabara pasipo kivuko ni 400, yaani kama shilingi 14,000. Huku kwetu tunaruka ukuta wa katikati ya barabara huku daraja la miguu likitutazama. Ukijaribu hivyo Sheikh Zayed Road, yenye leni zaidi ya kumi, faini itakuwa ndiyo shida yako ndogo.

Jua nalo lina mambo yake. Kati ya Juni 15 na Septemba 15, sheria inakataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana. Vituo vya treni vina hewa baridi, na vibanda vingi vya basi pia. Lakini ile dakika kumi na tano ya kutembea kutoka kituoni hadi chumbani haina sheria wala kiyoyozi. Wenyeji wa kazi hizi hutembea wakifuata kivuli cha majengo, chupa ya maji mkononi.

Na wa shifti ya usiku wajue saa: siku nyingi treni ya mwisho ni usiku wa manane, na Jumapili haianzi kabla ya saa mbili asubuhi. Ukitoka kazini saa tisa usiku, ni basi la usiku, teksi au kungoja.

Ukilemewa na mageti, shuka Deira uende ukingo wa Creek, ule mkono wa bahari unaoukata mji wa kale. Pale kuna abra, mashua za mbao zinazobeba watu 20 hivi hadi upande wa Bur Dubai. Mnaketi mgongo kwa mgongo, mkipita majahazi yaliyopakia friji na magurudumu. Nauli ni dirhamu 1, na nahodha anaikusanya mwenyewe kwa mkono, sarafu moja moja, huku akiendesha. Chombo kisipojaa, hakiondoki.