CHAWAJANI WA MAHINDI ATOKA KATIKA NYASI

Ndugu mkulima, nenda shambani kwako mahindi yakiwa bado madogo. Tazama jani changa, lile linalotoka katikati. Je, unaona vidoa vidogo vya rangi nyeupe au manjano? Tazama tena baada ya siku chache. Vidoa vimeungana. Vimekuwa milia myembamba inayofuata urefu wa jani. Huo ndio ugonjwa wa milia.

Usiuchanganye na njaa ya udongo. Mahindi yakikosa mbolea, majani ya chini ndiyo yanayoanza kuwa manjano, kuanzia nchani. Ugonjwa wa milia hauanzi chini. Majani yaliyokwisha kufunguka hubaki kijani. Milia huonekana katika majani mapya yanayofuata.

Mahindi yakishikwa yangali machanga, hudumaa. Mengine hayatoi gunzi kabisa. Mengine hutoa gunzi dogo lenye punje chache. Lakini yakishikwa baada ya kutoa mbelewele, hasara ni ndogo. Kwa hiyo wiki za kwanza ndizo za kuangalia sana.

NANI ANAYELETA UGONJWA HUU?

Wengi husema ni mvua, au ni mbegu mbaya. Sivyo. Ugonjwa huu ni wa virusi, nao huletwa na mdudu mdogo. Yeye ni wa ukoo wa chawajani. Ana urefu wa milimita 3 hivi, kama punje ya uwele. Rangi yake ni manjano, na mabawa yake yana mistari ya kahawia. Mbele ya kichwa ana madoa mawili meusi. Ukimgusa anaruka. Asiporuka, anakwenda upande kama kaa.

Mdudu huyu hatafuni jani. Ana mdomo kama sindano. Anachoma jani na kunyonya maji yake. Akinyonya mmea mgonjwa, virusi vinaingia tumboni mwake. Baada ya siku moja hivi anaweza kuambukiza mmea mzima. Tangu hapo atakuwa navyo mpaka kufa. Watoto wake hawazaliwi navyo. Nao wanavipata kwa kunyonya.

Wakulima wa pamba wa Igunga na Nzega wanalijua jina la chawajani. Lakini chawajani wa pamba ni mwingine. Yeye ni wa kijani, na hukunja na kukausha kingo za majani ya pamba. Hawezi kuleta milia katika mahindi yako. Chawajani wana aina maelfu duniani, na kila aina ina mimea yake inayoipenda. Huko Ulaya wako wanaokaa kwenye mti wa aina moja tu ulioota kando ya mto. Watafiti wa Ukiriguru, Mwanza, walimshinda yule wa pamba kwa kuchagua mbegu zenye majani ya vinywele. Vinywele vinamzuia asifike penye utomvu.

MAHINDI NI MGENI

Sasa tuseme habari ya zamani kidogo, maana inatusaidia kumjua adui. Mahindi si mmea wa Afrika. Asili yake ni bara la Amerika. Wareno waliyaleta pwani zetu katika miaka ya 1500. Kutoka pwani yaliingia bara polepole. Msafiri Mwingereza, Richard Burton, alifika Tabora mwezi Novemba 1857. Wakati huo Wanyamwezi walikuwa wakilima mtama, uwele na mahindi pia. Misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilinunua chakula njiani kwa nguo na shanga. Chakula hicho cha wapagazi kiliitwa posho. Mpaka leo, ukienda Uganda ukaomba posho, utaletewa ugali wa mahindi.

Lakini mdudu wetu hakuja na misafara. Yeye na virusi vyake ni wenyeji wa Afrika. Walikaa katika nyasi za porini kabla punje ya kwanza ya mahindi haijafika. Nyasi nyingi huugua kidogo tu, hata huwezi kutambua. Ulezi nao huugua. Mgeni alipofika hakuwa na kinga, naye akaumia zaidi.

Wataalamu walichukua muda kulijua jambo hili. Mwaka 1924 mtaalamu wa Afrika Kusini, Naudé, alimpa mdudu huyu jina la kitaalamu. Baadaye wataalamu wengine walimhamishia mlango mwingine katika ukoo wake. Sasa anaitwa Cicadulina mbila. Mwaka 1925 Bwana H. H. Storey alithibitisha kuwa ndiye anayeeneza milia. Kisha Storey alikuja kwetu, akafanya kazi Amani, katika milima ya Usambara.

Hapo Amani aliona ajabu. Wadudu wa aina ile ile moja, wengine waliambukiza na wengine hawakuweza hata kidogo. Mwaka 1932 alionyesha kuwa tabia hiyo inarithiwa, kama rangi ya ng'ombe. Mwaka uliofuata alichukua wale wasioweza, akawatoboa tumbo kwa sindano nyembamba sana. Wakaanza kuambukiza! Kumbe ukuta wa utumbo wao ndio uliokuwa ukizuia virusi. Fikiria subira ya mtu anayetoboa tumbo la mdudu mwenye urefu wa milimita 3.

Leo zinajulikana aina zaidi ya 20 za jamaa hao wa karibu. Nyingi zinapatikana Afrika, na kadhaa kati yake hueneza milia. Hufanana mno. Mtaalamu huzitenganisha kwa darubini. Wewe huna haja. Yatosha kujua madoa mawili ya kichwani na mwendo wa upande.

ANAKAA WAPI WAKATI WA KIANGAZI?

Swali hili ndilo kubwa kwetu wa Tabora. Kuanzia Mei mpaka Oktoba nchi ni kavu. Mdudu huyu anataka majani mabichi. Basi huhamia penye unyevu: nyasi za mbugani, kando ya visima na mabwawa, na bustani za mahindi ya bondeni. Mvua zikinyesha mwezi Novemba, nyasi huota kila mahali, naye huzaana. Idadi yao huongezeka kadiri masika yanavyoendelea. Ndiyo maana mahindi yanayopandwa kwa kuchelewa huugua zaidi.

Panda mapema, na wewe na jirani zako mpande wakati mmoja. Usipande mahindi mapya karibu na ya zamani yenye milia. Palilia mpaka kingo za shamba. Ukiweza, acha meta 10 za ardhi tupu kati ya nyasi na mahindi, maana wadudu wengi hawaruki mbali. Mche ulioshikwa mapema, ung'oe. Wape ng'ombe, hautawadhuru.

Mwulize bwana shamba mbegu zinazostahimili milia. Mojawapo ni TMV-1, iliyotolewa nchini mwetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mbegu ya namna hiyo ikinyonywa na mdudu inaweza kuonyesha milia kidogo, lakini huzaa. Na kama umekwisha kuvuna gunzi dogo la mmea mgonjwa, lile bila hofu. Virusi hivi havimdhuru mtu, wala haviendi ndani ya punje.