Chumvi Ikishakwanguliwa Hadi Udongoni

Pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, jua likayakausha, ikabaki chumvi juu ya sakafu ya udongo. Anayejua kazi hukwangua chumvi akaacha udongo. Mwenye pupa huondoka na vyote viwili.

Ukuta wa ndani wa mji wa mimba nao una matabaka mawili. La juu hunenepa kila mwezi likingojea mimba, na mimba isipoingia hutoka kama hedhi. La chini halitoki. Ndilo linalootesha jingine. Hilo likijeruhiwa, kuta za mbele na nyuma, ambazo siku zote zimelaliana, hushikana kwa makovu. Heinrich Fritsch aliieleza hali hii mwaka 1894. Joseph Asherman akaichambua kwa kina mwaka 1948, na jina lililobaki ni lake.

Pwani mwanamke mwenye makovu hayo huambiwa kizazi chake kimefungwa, na msemaji mara nyingi ana jini au mkono wa mtu akilini. Neno lenyewe, ajabu, halikukosea. Kimefungwa kweli, ila kwa kovu.

Kovu hilo mara nyingi huanzia kwenye kukwanguliwa baada ya mimba kuharibika au kipande cha kondo la nyuma kubaki ndani. Kizazi kilichotoka kubeba mimba ni laini, na wiki chache baada ya kujifungua ndizo za hatari zaidi. Kazi hiyo tunaiita "kusafishwa". Silipendi neno hili: mtu hudhani kadiri unavyokwangua ndivyo unavyotakata. Shirika la Afya Duniani linashauri chuma chenye makali kiwekwe kando, itumike pampu ya kufyonza au dawa.

Pia kuna uvimbe sugu wa ukuta wa ndani wa kizazi, unaoletwa na vijidudu na mara nyingi hauna homa wala maumivu. Daktari huchukua kinyama kidogo akakipima kwa darubini, akitafuta seli za plazima, askari wa mwili ambao wakionekana pale ni dalili kuwa vita havijaisha. Wagonjwa wengi hupona kwa antibiotiki. Kifua kikuu ni balaa jingine: bakteria wake husafiri kwa damu kutoka mapafuni hadi kwenye mirija ya uzazi, wakashukia kizazi, na makovu yao ni sugu kuliko yote.

Makovu huonekana kwa eksrei, baada ya dawa maalumu kuingizwa kizazini: pale isipofika pamegandana. Eksrei si ngeni Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya kijiji, ikawa ya kwanza duniani kutengewa kazi ya kusaka eksrei za angani. Mama wa Ngomeni anayetaka picha ya kizazi chake hufunga safari kwenda mjini. Makovu yenyewe hukatwa kwa makasi madogo yanayoongozwa na kamera nyembamba, ingawa huweza kurudi.

Dada, kama ulisafishwa na tangu hapo siku zako zimepungua sana au hazionekani, huku huna mimba, usingoje. Nenda umwambie daktari ulisafishwa lini, na kwa kifaa gani.