Njia ya Kwendea Mlima wa Moto



Tangu turejee safarini mwezi wa Mei, hakuna baraza tuliyokaa ila tumeulizwa mambo mawili. La kwanza, nauli ililipwa na nani? La pili, huo mlima wa moto mliuona au hamkuuona? La kwanza twalijibu hapa mara moja, lisije likarudiwa mkutanoni: tulikwenda watatu, kila mtu kwa fedha yake, na mfuko wa Chama haukuguswa hata senti moja. La pili lina maneno mengi kidogo, kwa sababu mlima tuliutafuta siku mbili, na siku ya kwanza tuliukosa.

Kisiwa tulichokwenda ni Réunion, kilicho mashariki ya Bukini, chini ya serikali ya Ufaransa. Ukubwa wake ni kilometa za eneo 2,500 hivi. Zamani kikiitwa Bourbon, na jina hilo si geni katika historia ya zao letu. Mwaka 1770 miche ya mikarafuu iliyotolewa kwa siri visiwa vya Maluku ilifika Mauritius kwa juhudi za Mfaransa Pierre Poivre, na miaka michache baadaye mikarafuu ikapandwa Bourbon. Kutoka visiwa hivyo viwili jirani ndiko mkarafuu ulikoletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa mara nyingi kwa kazi hiyo ni Mwarabu Saleh bin Haramil. Basi mtu wa Pemba akenda Réunion, anakwenda kumzuru bibi wa mkarafuu wake.

Lakini wageni wengi huenda huko kwa ajili ya volkano. Jina lake ni Piton de la Fournaise, kimo chake mita 2,632, na ni katika volkano zinazolipuka mara nyingi kabisa duniani. Tangu karne ya 17 imehesabiwa milipuko zaidi ya 150. Mlima huo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo yachukua kiasi cha asilimia 42 ya kisiwa kizima. Mwaka 2010 sehemu hiyo ya milima na magenge iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Msitafute mlango wala mkata tikiti, kwani hakuna. Barabara ni ya watu wote.

Sasa tueleze kosa letu, ili atakayekwenda baada yetu asilirudie.

Tulikodi motokaa ndogo mjini Saint-Denis. Huko magari hupita mkono wa kulia na usukani uko kushoto, na kwa saa nzima ya mwanzo hatukusema neno isipokuwa kumwomba Mungu. Tuliondoka saa tatu asubuhi baada ya kunywa chai kwa raha, na hilo ndilo kosa la kwanza. Barabara ya pwani ya mashariki ni nzuri na pana. Baharini mawimbi, na upande wa bara miwa, miwa, miwa. Baada ya kilometa 40 hivi tukafika mji wa Saint-Benoît.

Hapo ndipo njia inapogawanyika, na hapo ndipo tulipopotea. Barabara Na. 3 yapanda kulia kwenda milimani. Barabara Na. 2 yaendelea pwani. Sisi tulikwisha kusikia kwamba volkano iko kusini-mashariki, tukafuata pwani tukisema njia ni moja.

Katika gari yetu alikuwamo mzee mmoja wa Chama, mkulima wa siku nyingi, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa mwenyewe amekataa. Umri wake ni miaka sabini na tatu. Baada ya mwendo akauliza, "Katibu, mwanangu, mbona mlima tunauacha nyuma?"

Tukamjibu, "Mzee, njia za milimani huzunguka."

Akanyamaza kwa adabu.

Tukapita Sainte-Rose, tukafika kijiji cha Piton Sainte-Rose. Huko mwezi wa Aprili 1977 mkondo wa lava, yaani uji wa mawe ya moto, ulishuka ukateketeza nyumba, ukaja mpaka mlangoni mwa kanisa, ukalizunguka pande zote na kusimama. Kanisa lingalipo, na mawe meusi yamelikumbatia. Watu walikuwa wamekwisha hamishwa. Baada ya msiba huo serikali ilijenga kituo cha kuuangalia mlima usiku na mchana, kilichoanza kazi mwishoni mwa mwaka 1979.

Mbele ya kijiji hicho kuna mahali paitwapo Grand Brûlé, maana yake "Pakubwa Palipoungua". Hapo lava hushuka kutoka mlimani hadi baharini, na barabara yapita juu yake. Kandoni wameweka vibao vyenye mwaka wa kila mkondo: 2002, 2004, 2007. Huo wa 2007 ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Uliikata barabara kwa upana wa zaidi ya kilometa moja, ukaingia baharini na kuongeza nchi mahali ambapo jana yake palikuwa maji. Watu wakangoja mawe yapoe kiasi cha kubeba mashine, wakachonga barabara nyingine juu ya ile iliyozikwa. Mara nyingi wamefanya hivyo. Mlima ukikata, wao hujenga.

Mzee wetu alishuka garini, akatembea polepole juu ya mawe. Sisi tulikuwa tukipiga picha. Tulipomfuata tulimkuta amechuchumaa akitazama ufa wenye udongo usiojaa hata kiganja, na ndani yake umeota mmea wa jamii ya majani ya dege. Pembeni yake kulikuwa na mvinje mchanga, sawasawa na mivinje ya pwani zetu.

"Hii nani kaipanda?" akauliza.

Tukasema hakuna aliyepanda, ni mbegu za upepo. Hakusema kitu zaidi.

Katika kurudi tulisimama kituo cha petroli. Kijana aliyekuwa akitia mafuta alisikia lugha yetu akacheka. Alikuwa Mngazidja, na huko Wangazija ni wengi. Kwao nako kuna mlima wa moto, Karthala, na karafuu pia. Kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kingazija akatufahamisha kwamba hapa tulikuwa miguuni mwa mlima, na kichwa chake kinapandiwa Saint-Benoît. "Na mchana huu msipande," akasema. "Saa hizi juu ni mawingu tu. Ondokeni usiku."

Tukamsikiliza. Siku ya pili tuliondoka Saint-Denis saa tisa na nusu usiku, na njia ni hii.

Ukifika Saint-Benoît, shika Barabara Na. 3. Yapanda kwa kona nyingi mpaka uwanda wa Plaine-des-Palmistes, kisha yapanda tena mpaka Bourg-Murat, ambako ni mita 1,600 hivi juu ya bahari. Kutoka Saint-Benoît ni mwendo wa kilometa 35 hivi. Hapo ndipo pa mwisho pa kupata petroli na mkate, na hapo ndipo kilipo kile kituo cha kuangalia mlima, pamoja na jumba la kufundishia habari za volkano. Atokaye upande wa kusini, Saint-Pierre na Tampon, hufika Bourg-Murat hapo hapo. Kisha kuna kibao kilichoandikwa "Volcan". Kifuate.

Kutoka kibao hicho ni kilometa 23 au 24, kiasi cha robo tatu ya saa. Mwanzo ni malisho ya ng'ombe, na mtu angedhani yuko Ulaya. Halafu miti hupungua. Kushoto na kulia kuna mahali pa kusimama na kutazama mabonde yenye kina cha kutisha. Njiani liko shimo kongwe la volkano liitwalo Commerson, na hapo mwezi wa Februari 2007, kilipopita kimbunga Gamede, ilipimwa mvua ya milimita 3,929 kwa siku tatu. Wanachama wanaolalamikia masika yetu na waisome tena hesabu hiyo.

Ghafla barabara hufika ukingoni, na chini yake kuna Uwanda wa Mchanga, Plaine des Sables. Wekundu na weusi, hakuna mti, hakuna nyumba. Lami huishia hapo. Barabara ni ya changarawe yenye makunyanzi, na gari ndogo hupita ikienda polepole. Ng'ambo ya uwanda huo ndiko Pas de Bellecombe, mita 2,311 juu ya bahari, na gari haiendi mbele ya hapo.

Tulifika kulipokuwa kunapambazuka. Baridi ilikuwa kali, na tuliokuwa tumechukua kikoi na shati tu tulijuta. Mbele yetu genge limekatika wima, na chini yake uwanja mpana wa lava iliyoganda, na katikati mlima wenyewe, umetulia, bila wingu hata moja. Juu yake ndipo lilipo shimo la Dolomieu, ambalo sakafu yake ilididimia zaidi ya mita 300 katika mlipuko ule wa Aprili 2007.

Kuna ngazi za kushukia gengeni, na lango lake hufungwa mlima unapolipuka au unapotiliwa shaka. Likifungwa, usiliruke. Kwenda ukingo wa Dolomieu na kurudi ni mwendo wa saa tano hivi kwa miguu, nao una alama nyeupe mawe kwa mawe. Sisi tulishuka mpaka kilima kidogo cha Formica Leo tu, tukarudi. Kabla ya saa nne mawingu yalipanda kutoka baharini kama pazia, na mlima ukatoweka. Watu waliofika wakati huo walitazama ukungu, kama ambavyo sisi tungetazama jana yake.

Kwa ufupi: ondoka usiku, jaza petroli, chukua sweta, chakula na maji, uliza kama mlima umetulia, na Saint-Benoît pinda kulia.

Tuliporudi Saint-Benoît mchana, Mzee alitaka kujua mikarafuu ya zamani ilikuwa wapi. Tukamwambia kwamba ilikuwa hapa hapa. Mkulima wa mji huu, Joseph Hubert, aliyefariki mwaka 1825, ndiye aliyeitunza ilipokuwa bado ngeni. Ililimwa kwa mikono ya watumwa, wengi wao wakitoka Bukini na pwani zetu za Afrika, na utumwa haukukomeshwa kisiwani mpaka tarehe 20 Desemba 1848. Habari hiyo na sisi twaijua, kwani mashamba ya visiwa vyetu nayo yalianza hivyo. Lakini miaka ya 1806 na 1807 vimbunga na mafuriko vilivunja mashamba ya kahawa na karafuu, na wenye mashamba wakageukia miwa. Ndiyo tuliyoiona siku mbili nzima.

Unguja nayo ilipigwa na kimbunga mwaka 1872, na sehemu kubwa ya mikarafuu yake ikaanguka. Pemba iliepuka kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyobeba zao hili. Tulipokwisha kuyasema haya, Mzee alikaa kimya mpaka Saint-Denis.

Wanachama wa tawi lake wajua kwamba shambani kwake yako mapengo mengi ya mikarafuu iliyokufa, na kila mwaka akiambiwa apande hujibu, "Mkarafuu wataka miaka saba. Mimi na wanangu walioko Dar es Salaam, nani atauchuma?" Hatujawahi kuwa na jawabu nzuri ya neno hilo, na leo pia hatunayo. Watoto wamekwenda, na hatuwezi kuahidi kuwa watarudi.

Ila wiki iliyofuata kurejea kwetu alikuja ofisini kabla hatujafungua mlango. Alitaka miche arobaini. Tukamwuliza, "Mzee, atachuma nani?"

Akasema, "Wale wanajenga barabara juu ya moto, na wajua moto utarudi. Niandikie arobaini."

Miche iliyoko kitaluni itagawiwa vuli itakapoanza. Atakaye aje kuandikisha jina na idadi kwa Katibu, asubuhi, siku yoyote ya kazi isipokuwa Ijumaa. Arobaini ya kwanza imekwisha pata mwenyewe.

Katibu