Kulinganisha Jinai za Nchi Mbalimbali: Tatizo la Tarakimu na Maneno

Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa akitayarisha kazi yake juu ya msamiati wa sheria, alitujia na karatasi aliyoinakili kutoka katika intaneti. Alikuwa ameuliza jambo lililoonekana jepesi: ni nchi zipi zenye jinai nyingi za kutumia nguvu? Jibu lilimduwaza. Uingereza ilitajwa juu ya Afrika ya Kusini, na Marekani ilikuwa chini, mbali na zote mbili. «Mwalimu,» akauliza, «kumbe sinema zimetudanganya?»

Orodha hiyo tunaijua asili yake. Mwaka 2009 magazeti ya Uingereza yalitangaza kwamba nchi hiyo ilikuwa na jinai za nguvu zaidi ya 2,000 kwa kila watu 100,000, ilhali Marekani ilikuwa na 466 tu. Tangu hapo tarakimu hizo zimenakiliwa mara nyingi, mara kwa mara bila kutaja mwaka wake. Hazikubuniwa, kila moja ilitokana na madaftari ya polisi wa nchi yake. Kosa ni kuzipanga katika safu moja kana kwamba zinapima kitu kimoja.

Nchini Marekani, FBI hutia katika fungu la jinai za nguvu makosa manne: kuua kwa kukusudia, kubaka, unyang'anyi, na shambulio lililo zito, yaani la kutumia silaha au la kuleta majeraha makubwa. Kofi la ugomvi wa baa halimo. Huko Uingereza na Wales, kinyume chake, fungu la ukatili dhidi ya mtu linapokea hata shambulio lisiloacha alama mwilini, pamoja na vitisho na usumbufu. Aidha, kanuni za kuhesabu zilibadilishwa mwaka 1998, kisha tena mwaka 2002, hata tarakimu zikapanda pasipo watu wenyewe kuzidi kupigana. Tukiacha makofi na kutazama vifo, safu inageuka juu chini: katika miaka hiyo Uingereza na Wales ilihesabu takriban mtu 1 aliyeuawa kwa kila watu 100,000, Marekani takriban 5, na Afrika ya Kusini zaidi ya 30.

Kwa sababu hiyo wachunguzi wengi hupenda kulinganisha mauaji peke yake. Maiti haifichiki kwa urahisi kama jeraha, tena haingoji mtu ajitokeze kushtaki. Lakini hata hapa neno hutangulia hesabu, na ndipo jambo linapotuhusu sisi watu wa lugha.

Kiswahili kina neno «mauaji», nalo limebeba mzigo mkubwa mno: mtu mmoja aliyechomwa kisu, kijiji kizima kilichoangamizwa, na hata maangamizi ya Rwanda ya mwaka 1994, ambayo ilibidi kuyaongezea «ya kimbari» ili yaeleweke. Sheria haziwezi kuridhika na upana huo. Kanuni ya adhabu ya Kongo, ya tarehe 30 Januari 1940, hutenga katika kifungu cha 44 «meurtre», yaani kuua kwa nia ya kuua, na katika kifungu cha 45 «assassinat», yaani kuua kwa nia iliyopangwa kabla. Aliyempiga mwenzake bila kutaka kumwua, naye akafa, hamo katika vifungu hivyo viwili. Anahukumiwa kwa kifungu cha 48, karibu na mapigo na majeraha. Kenya na Tanzania zilirithi mpango mwingine kutoka kwa Waingereza: kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Mtu yule yule aliyepiga angetiwa huko katika fungu la pili. Na kama alikusudia kudhuru vibaya, hata katika lile la kwanza. Mfasiri anayeandika «mauaji» katika kila safu ya jedwali amekwisha kufuta tofauti hiyo kabla msomaji hajafungua ukurasa.

Kuna pia suala la tarehe. Uingereza na Wales huhesabu mauaji katika mwaka ambao polisi waliyaandika, si mwaka ambao mtu alikufa. Daktari Harold Shipman aliwaua wagonjwa wake kwa miaka mingi kabla ya kukamatwa mwaka 1998. Vifo 172 kati ya hivyo vikaandikwa vyote katika mwaka wa hesabu wa 2002-2003. Hali kadhalika watu 96 waliokufa kwa msongamano wa uwanja wa Hillsborough mwaka 1989 waliingizwa katika hesabu iliyoishia Machi 2017. Marekani nayo iliwaweka kando, nje ya jumla ya mauaji ya mwaka 2001, wale waliouawa tarehe 11 Septemba. Kila uamuzi una hoja yake, lakini anayetazama mchoro tu ataona mlima ambapo hapakuwa na mlima.

Umoja wa Mataifa ulikubali mwaka 2015 mpango mmoja wa kuainisha jinai kwa ajili ya takwimu. Humo mauaji ya kukusudia ni kuua kinyume cha sheria kwa nia ya kuua au kudhuru vibaya, na vifo vya vita vina fungu lao mbali. Mpango huo ni mzuri, ila msomaji wa Goma au wa Bunia atashangaa kuona vifo vya mapigano aliyoyashuhudia havimo katika safu ya mauaji. Tena kiwango cha kila watu 100,000 kinahitaji idadi ya watu, nayo sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanywa mwaka 1984. Kilichopo ni makisio yanayogawanywa kwa makisio.

Mfano mmoja hutuuma zaidi. Mwaka 2008 shirika la International Rescue Committee lilikadiria kwamba, kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007, watu milioni 5.4 walikufa Kongo zaidi ya wale ambao wangekufa siku za kawaida. Wataalamu wengine waliipinga hesabu hiyo, na mjadala haukwisha. Lakini shirika lenyewe lilieleza kwamba wengi wao walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na njaa, baada ya zahanati kuporwa na mashamba kuachwa. Katika maandishi mengi tuliyoyasoma, ya Kiswahili na ya Kifaransa, sentensi imekuwa fupi: watu milioni tano waliuawa. Kati ya «walikufa» na «waliuawa» kuna mtendaji aliyeingizwa, na mtoto aliyekufa kwa kuhara msituni amepotea ndani ya kitenzi. Mwanafunzi wetu ameiacha ile orodha ya nchi. Sasa anakusanya vitenzi hivyo, gazeti kwa gazeti.